Nilipandishia maji kwa kiti cha ngazi cha Bibi, halafu mjomba akataka kukiuza kwa mgonjwa

Wakuu, poleni na majukumu.

Nikidanganya hata sentensi moja humu, mtihani wa hesabu wa Jumatatu unipige sifuri. (Naweza kuipata hata nisipodanganya, lakini hayo ni mengine.) Wale wa "hii chai" vumilieni kidogo, mtasema mkishamaliza kusoma.

Mimi nipo Newala, nasoma kidato cha tatu. Naishi kwa Mjomba Issa, kaka yake mama. Ni mkulima wa korosho, ana nyumba ya ghorofa moja. Chini kuna fremu tatu za kupangisha, juu tunaishi sisi.

Juu hapo alikuwa anakaa pia Bibi Somoe, mama yao. Mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitali walimtengeneza vizuri tu, ila ngazi ndizo zikawa adui. Akakaa juu miezi na miezi, kazi yake kuchungulia dirishani na kutukana bodaboda wanaopita.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Ananiita mume wangu. Mimi namwambia natafuta mke wa pili mwenye meno. Ndiyo maisha yetu.

Sasa mjomba akasikia Masasi kuna jamaa anauza vifaa vya wagonjwa vya mtumba, vile vinavyoshushwa kwenye makontena. Vitanda, magongo, viti vya magurudumu. Akaenda, akakuta kiti cha ngazi.

Kama hujawahi kukiona, ni kiti kinachotembea kwenye reli iliyofungwa pembeni mwa ngazi. Kina mota na betri. Unakaa, unafunga mkanda, unabonyeza kitufe, kinakupandisha taratibu kama mheshimiwa anayekwenda kuapishwa.

Kikaja kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, fundi akafunga reli. Siku ya kwanza Bibi alisoma bismillah, akashuka. Wadada wa saluni iliyopo fremu ya kwanza wakapiga vigelegele. Bibi akamwambia mjomba, "Nipandishe tena, nishuke upya. Sijashangiliwa hivi tangu niolewe."

Hapo tulikuwa na raha wakuu. Halafu mimi nikaharibu.

Newala na maji mnatujua. Bomba letu lipo chini na linatoka kwa zamu. Kupandisha madumu juu ni kazi yangu, na dumu la lita ishirini halina huruma na mtoto wa mtu.

Siku moja nikaangalia dumu. Nikaangalia kiti. Mjomba alikuwa shamba, Bibi amelala.

Nikaweka mawili kwenye kiti, la tatu pale pa kukanyagia miguu. Nikabonyeza kitufe cha ukutani, nikapanda nyuma yake mikono mfukoni napiga mluzi.

Ikawa ndiyo mtindo. Mjomba akaanza kunisifia eti siku hizi nina bidii. Maji yalikuwa yanamwagikia reli, nafuta kwa tambara, maisha yanasonga.

Baada ya kama miezi miwili hivi, nipo na madumu matatu, kufika ngazi ya tisa kiti kikalia KA! Kikateleza chini nusu ngazi, kikashika tena.



Kesho yake nikajaribu na mawili. Kimya. Nikaongeza la tatu, KA! Ngazi ileile ya tisa. Nikafanya matengenezo yangu ya kitaalamu, yaani nikaacha kupakia matatu, na sikumwambia mtu.

Wiki mbili baadaye mpangaji wa fremu ya mwisho akahama, mjomba akaigeuza chumba cha Bibi. Bibi akahamia chini, anatembea kwa mkongojo. Kiti kikawa hakina kazi, mjomba akatangaza anakiuza.

Mteja akaja Jumamosi asubuhi kutoka Masasi, anaitwa Mama Asha. Nyumba yao ipo kwenye mteremko kule chini ya milima ya mawe, mpaka ufike mlangoni kuna ngazi kumi na mbili. Baba yake amepigwa na kiharusi. Hajatoka nje kwa miezi.

Akatuonyesha picha kwenye simu. Wakuu, lile lilikuwa pande la mtu! Hata akiwa amekaa unaona mabega yamejaa picha nzima.

"Shikamoo mama. Samahani, mzee ana kilo ngapi?"

"Marahaba. Sijampima mwanangu. Ila kumbeba ni watu wanne, na wanalalamika."

Mjomba akanitolea macho, maana yake nyamaza.

Mama Asha akasema angependa kuona mtu mzima anapanda. Kabla mjomba hajajibu, Bibi ameshakaa, anafunga mkanda.

"Bibi, subiri..."

"Nisubiri nini, mume wangu? Unaona wivu nikitazamwa?"

Kikaondoka.

Mimi nikasogea nyuma yake nimenyoosha mikono kama kipa. Ngazi ya tano. Ya sita. Najua Bibi ni mwepesi, hafiki uzito wa madumu mawili na nusu. Lakini meno ya gia ya kiti hayana mkataba na mtu. Ya nane.

Ya tisa.

Kimya. Kikapita. Bibi akafika juu, akapunga mkono, akashuka nacho mpaka chini, akainuka. Mama Asha machozi yanamlengalenga, anasema baba yake ataona barabara tena. Akafungua mkoba.

Nikawaza yule mzee amefungwa mkanda, ngazi ya tisa.

Nikasema, "Mama, usinunue. Kiti kibovu. Mtu mzito kinamwangusha."

Mjomba akacheka! Akamwambia, "Usimjali, huyu ni mtani wa dunia nzima."

"Haki ya Mungu, mjomba, siyo utani."

"Wiki iliyopita uliapa hivyohivyo kwamba ng'ombe ameingia saluni. Nikakimbia na taulo."

Kweli alikimbia na taulo. Na mimi nilirekodi video. Sasa wakuu, utajiteteaje hapo?

Nikaamua kutoa yote. "Nilikuwa napandishia maji. Madumu matatu kila safari."

Bibi akadakia, "Hilo kweli. Kila nikikaa makalio yanalowa. Nikajua mume wangu anachota maji kwa usafiri."

Mjomba bado anatabasamu, ila tabasamu limeanza kuganda. Mama Asha anatuangalia kwa zamu, hajui amwamini nani, mkono bado upo ndani ya mkoba.

Nikaenda bombani nikabeba madumu matatu yaliyojaa, nikayapakia kama kawaida yangu. Nikamshika Bibi mkono nikamtoa pale chini ya ngazi, nikamwomba Mama Asha naye asogee.

"Wewe, shusha hayo!" mjomba akafoka.

"Nipe ngazi tisa tu, mjomba."

Nikabonyeza.

KA!

Safari hii hakikushika. Kiti kikarudi chini KA-KA-KA-KA, kikapiga sakafu, dumu moja likapasuka, jingine likatoka mpaka barabarani. Maji yakaingia saluni, mtu aliyekuwa anasukwa akaruka akasimama juu ya kiti alichokalia. Pale pa kukanyagia miguu palikuwa pamepinda kama kijiko cha bati.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Mama Asha akapainamia, akapagusa kwa kidole. "Baba yangu ana mkono mmoja tu unaofanya kazi," akasema polepole. "Angeshika nini?"

Mjomba akakaa kwenye ngazi ya kwanza, kwenye maji, suruali na yote. "Mama yangu alikuwa amekaa hapo," akasema. "Sasa hivi. Alikuwa hapo."

"Sijafa," Bibi akamjibu. "Leta fagio, unaharibia watu saluni."

Nilitegemea fimbo. Haikuja. Mjomba hakunisemesha siku mbili nzima, na niwaambie ukweli, bora fimbo.

Fundi alipofungua alikuta meno ya gia yamelika, na breki ya dharura imeganda kwa kutu. Kutu ya nani mnajua.

Baada ya kama wiki tatu Mama Asha akampigia mjomba. Amepata kiti kingine kwa yuleyule muuzaji wa Masasi, kimeshafungwa, na anaomba niende mimi kukipima. Alisema anamtaka mtu anayejua kinavyoharibika.

Tukaenda. Nikaomba mifuko miwili ya saruji. Muuzaji akanuna, akauliza huyu mtoto ni nani. Mjomba akamjibu, "Huyu ndiye mkaguzi." Nikapandisha saruji mara kumi, nimetega sikio kila ngazi. Kimya. Nikamwambia fundi afungue breki niione kwa macho. Akafungua huku ananung'unika; haikuwa na kutu.

Ndipo wakamleta mzee, watu wanne, wanalalamika kweli. Wakamfunga mkanda. Akapanda taratibu, ule mkono mzima umekamata kiti mpaka mishipa imetoka.

Watu wakaanza kupiga makofi alipofika katikati. Mimi sikupiga. Nilisubiri mpaka alipofika mlangoni, na mkanda ukafunguliwa.

Nilichojifunza: kitu cha mtumba cha kumbebea mzee wako, usiulize kimetumika muda gani tu, uliza kimebeba nini. Kipime kwa mzigo kabla ya mtu. Ukiwa unauza, taja ugonjwa wake wote kama unavyojieleza kwa daktari. Na sisi wenye utani mwingi, tubakize siku chache ambazo watu wakitusikia wataamini. Mimi nilikuwa nimezimaliza zote, ikabidi madumu yanisemee.

Mwenye uzoefu na viti hivi, vitanda au magongo ya mtumba, amwage hapa, kuna watu wanatafuta. Wenye kunitukana pia ruksa, ila kwa adabu. Bibi huwa namsomea maoni yenu kwa sauti, na yeye matusi anayajua kuwazidi.