Kasino ya Naif

Nilikwenda Dubai kwa sababu mama alichoka kumwona Shabani kwenye simu. Alisema kwenye simu kila mtu ananenepa. Akanituma nikamtazame mdogo wangu kwa macho, maana tangu aende kuwa mlinzi hajarudi Tanga. Nikatafuta tiketi ya bei chee, nikabeba begi moja la mgongoni, nusu yake visheti.

Naif, mtaa wa Deira, Dubai. Majirani zetu wa Tanga walidhani naenda kwenye mji wa makasino, na kweli kasino niliikuta: ndilo jina walilokipa chumba cha kina Shabani, chenye vitanda vya ghorofa na walinzi watupu. Hawachezei pesa, wanachezea zamu. Anayeshindwa karata huvaa sare badala ya mwenzake, na msimamizi hajali ni nani, mradi kuna mtu kazini.

Siku za mwanzo nilimwona Shabani akiwa amelala au akifunga kamba za viatu. Matumaini yetu yote yalikuwa kwenye mapumziko yake ya Ijumaa, kabla sijaondoka Jumamosi.

Alhamisi jioni aliingia amenuna. "Kaka, wamenifutia off."

Nilitaka kulia, mtu mzima mimi. Lakini Ijumaa ilikuwa pia off ya Mutua, Mkenya wa kitanda cha juu, naye akakubali kuichezea. Wakaamua mgeni ndiye acheze. Nilitoa jasho na kiyoyozi kinanguruma. Nikabakiwa na karata moja, nikatangaza, "Lasti kadi!" Zamu yangu iliyofuata nikaishusha. Nimemaliza!

"Wapi!" Mutua akaruka. "Hujasema niko kadi! Bila kusema niko kadi huwezi maliza, bana."

"Kwetu tunasema lasti kadi," nikajitetea.

Tukamgeukia Wasswa, Mganda, mwamuzi wa chumba. Akakuna kidevu. "Nyie mnasumbua. Huyu ametangaza, sisi wote tumesikia. Khalas, yameisha."

Mutua alibisha mpaka chai ikapoa. Mwishowe akaitoa sare yake kwenye msumari. "Nitaenda. Lakini sijashindwa, mskie vizuri. Naenda juu ya huyu msee, ametoka mbali."

Ijumaa, mchana kutwa. Tulivuka hori, ule mkono wa bahari unaokata mji, kwa kivuko cha dirham moja, na Shabani akataka tuvuke tena, tukavuka. Tukala mkate wa tanuri na dengu kwa Mpakistani, tukacheka mambo ya utotoni hadi wateja wakatugeukia. Alikuwa amekonda kidogo, ila mkate aliula kwa mikono miwili. Nilifurahi sana siku ile.

Baada ya magharibi alinipeleka kwenye yale maji yanayorushwa juu kwa muziki, chini ya lile jengo refu. Kutazama ni bure, na yeye hulinda hapo takriban kila jioni. Muziki ukaanza, watu wakashangilia. Shabani alikuwa ameyapa maji mgongo, mikono nyuma, anaangalia umati.

"Shabani, mbona huangalii?"

Akashtuka, akacheka. "Mazoea, kaka. Sisi tunaangalia watu."

Nikamshika mabega, nikamgeuza.

Tanga, Jumapili. Nimemwambia mama ukweli: amekonda, lakini anakula, na anaishi na watu. Hilo la mwisho ndilo nililojifunza mimi, na ndilo lililomtuliza. Majirani nao wanataka kujua maji yale yanarukaje. Siwezi kuwaeleza vizuri. Muda wote nilikuwa namwangalia Shabani.