Bustani Isiyotosha Mraba

Mchora ramani wa ofisi ya maji alikuwa amezikodolea macho picha za setilaiti kwa miaka ishirini na sita, na macho yenyewe yalishaomba kustaafu kabla yake. Wiki ile alitakiwa kuchagua aina moja tu ya picha ya kuchorea mpaka wa kinamasi. Ndani ya mpaka, kulima marufuku.

Aina zilikuwa mbili. Ya kwanza, kila mraba mdogo unaoiunda picha ni mita thelathini ardhini. Ilikuwa na kumbukumbu ya miaka arobaini, na kinamasi kilionekana humo kikinywea kama shati lililofuliwa kwa maji ya moto. Ya pili, mraba mita kumi, ilikuwa na macho makali zaidi, ila ilizaliwa juzi tu: miaka kumi.

Bosi aliipenda ile kongwe. Kikwazo kilikuwa bustani ya mdogo wa mchora ramani, ukingoni kabisa mwa kinamasi, upana mita ishirini. Kwenye mraba wa thelathini mchicha ulichanganyika na matete, kompyuta ikakata shauri: kinamasi.

"Dada, umeniweka kwenye maji?" mdogo mtu aliuliza kwenye simu.

"Si mimi, ni mraba."

"Huo mraba umesomea wapi? Uambie mimi kuogelea sijui."

Dada mtu hakuwa na nguvu ya kucheka. Akichukua mita kumi, bustani inapona, lakini ushahidi wa miaka arobaini dhidi ya shamba kubwa linalonyonya maji kule juu yanakotoka unapotea. Akichukua thelathini, mdogo wake anakuwa mvamizi.

Akapanda kwa bosi, akakaa bila kukaribishwa.

"Bosi, bustani ya mdogo wangu imo humo."

Bosi akavua miwani. "Ulitaka kunificha?"

"Ningetaka, ningepanda ngazi zote hizi na magoti haya?"

Bosi akavaa miwani tena. "Basi thelathini ituonyeshe kilichopungua. Mpaka kaupime kwa miguu. Wote, si kwa mdogo wako tu."

"Kilomita kumi na moja za matope, bosi!"

"Ndiyo zawadi ya kusema ukweli, mama. Unaongezewa kazi."

Akashuka ngazi moja moja, akapiga simu.

"Kwa hiyo nimepona, dada?"

"Sijui. Naanzia upande wa pili, kwako nitafika siku ya tatu. Usinipikie chochote. Nitafutie tu pa kukaa."