Gari la Milango Miwili la Mama Nafula

Asubuhi ile niliondoka nyumbani kwa sababu ya gari nililoliona nikiwa kijana mwembamba, nikivuta mkokoteni wa mifupa pale Jogoo Road. Lilikuwa jekundu, la Kimarekani, milango miwili tu, pua ndefu, na mngurumo kama wa fahali aliyeshiba. Lilinipita nikasema: iko siku. Na mimi nikisema kitu, kaa ukingoje. Shule niliacha darasa la sita, lakini leo nina bucha mbili Soko la Burma na vyumba vya kukodisha Pipeline, na hakuna aliyenishika mkono. Kwa hivyo niliposikia kuna mama Buruburu anauza gari kama lile, tena atakubali kubadilishana na pikapu, hata chai sikuimaliza.

Saa moja asubuhi, nyumbani Jericho. Mke wangu Rose alisimama mbele ya pikapu, mikono kiunoni.

"Baba Brenda, hii ndiyo inatulisha. Ukiiacha huko, kesho nyama itatoka machinjioni na nini? Kwa kiti cha nyuma cha gari la maharusi?"

"Nitakodi."

"Utakodi! Wenye hoteli wanataka nyama saa kumi na mbili, hawataki stori. Na kibali cha hilo sanduku jeupe la nyama ulikitafuta mpaka viatu vikaisha. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Lakini mwanamume akishawasha gari hawezi kuzima kwa sababu ya swali.

Saa mbili, Burma. Nilimchukua Mutua, fundi wangu, Mkamba mpole ambaye amefungua injini za pikapu zangu zote. Nilimwambia yeye aangalie vyuma, kununua aniachie mimi. Mimi ng'ombe namtazama akiwa amesimama nakutajia kilo zake, na mizani ikifika inakubaliana na mimi. Mwenye ng'ombe anasifu, mimi naponda. Anasema amenona, nasema anakohoa. Hivyo ndivyo nimenunua kila kitu maishani, hata kiwanja.

Saa tatu, Buruburu. Mama Nafula alitufungulia geti mwenyewe. Ni muuguzi, alifanya kazi Amerika miaka mingi kabla ya kurudi. Kusikia jina langu akanisalimu kwa lugha ya kwetu, "Mulembe," kisha akafunua turubai.

Lilikuwa lenyewe. Jekundu. Nilisahau hata kuitikia.

Nikajikaza, nikafungua mlango wa kulia, nikaingia kwa maringo, nikanyoosha mikono. Hakuna usukani. Mbele yangu kulikuwa na kijisanduku cha kuwekea karatasi.

"Mkubwa," Mutua akasema kupitia dirisha, "leo unaendeshwa?"

Usukani ulikuwa kushoto. Mutua alisoma stakabadhi mara mbili, akasema kibali cha kuendesha gari la usukani wa kushoto kipo. Nikazunguka upande wa pili, nikaanza kazi yangu ya kuponda. Sikupata nafasi. Mama Nafula alikuwa ametoa karatasi iliyoandikwa kwa mkono.

"Kwanza, chini limeoza," akasoma. "Kule baridi ikizidi wanamwaga chumvi barabarani iyeyushe barafu. Chumvi imekula chuma."

Hapo akili ilianza kunizunguka. Mimi natia chumvi nyama isioze. Watu gani hao wanatia chumvi barabara mpaka gari linaoza?

"Chini si mbaya sana," nikajikuta nasema. Mutua alikuwa amelala chini ya gari, na nilimsikia akigonga chuma kwa spana. Sauti ilikuwa ya kopo.

"Pili, silinda nane. Linakunywa petroli kama halina mama."

"Gari lenye nguvu lazima lile."

"Tatu, spea zinakuja kwa meli. Taa hii ya nyuma niliingoja miezi mitatu."

"Kitu kizuri hungojwa, Mama."

Nilikuwa nasema nini? Miaka yote hiyo sijawahi kumsifia mtu ng'ombe wake! Nikaona hapana, huu ni ujanja wa watu waliovuka bahari: anataja vidogo ili afiche kikubwa. Nikachungulia saa ya mwendo. "Elfu themanini tu!" nikamwambia Mutua. "Hili ni ndama."

"Hizo ni maili, Baba," Mama Nafula akasema. "Zidisha."

Mutua akafuta mikono, akatoa simu, akabonyeza. "Kilomita karibu laki moja na thelathini, mkubwa. Ndama ana wajukuu."

Saa nne na nusu, barabara ya Outer Ring. Mama Nafula alibaki na pikapu yangu, sisi tukatoka kulijaribu gari. Nilielekea Pipeline, kwa sababu wapangaji wangu wako huko na nilitaka wanione. Ukweli nitausema: raha niliisikia mpaka kwenye meno. Ukikanyaga kidogo, mgongo unashikana na kiti. Lakini mbele yetu kulikuwa na lori la mchanga, na kutoka upande wa kushoto sikuona chochote ila matako ya lori.

"Nipite?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, mkubwa, kuna basi! ... Haya, sasa! Sasa!"

Nikapita nikiwa nimefumba jicho moja. Mimi, ambaye sijamwuliza mtu njia tangu nitoke kwa baba yangu, nilikuwa namwuliza Mutua kila baada ya hatua ishirini.

Saa tano, Pipeline. Aibu yenyewe ilikuwa huku. Watu walikuja mbio kuona gari, na wote walienda dirisha la kulia, alikokaa Mutua.

"Niaje boss! Umeomoka!" wakamwambia, wakimpongeza kwa kutajirika.

Mama mboga mmoja, mpangaji wangu miaka minne, alimpa Mutua mkono, kisha akainama akaniona. "Kumbe na Baba Brenda umempa lifti! Mungu akubariki, baba."

"Amina," Mutua akajibu, mjinga yule.

"Hili ni langu!" nikapiga kelele. "Karibu langu!"

"Sawa, baba," mama akasema kwa huruma.

Kwenye kona, tuta lilishika tumbo la gari, tukakaa juu yake tukiyumba kama mizani. Vijana wanane walilinyanyua huku wakiimba. Afisa wa trafiki akafika, akamwomba Mutua leseni. Mutua akainua mikono kuonyesha hana usukani. Afisa akamtazama Mutua, akanitazama mimi, akatupungia tuondoke. Nadhani naye alichanganyikiwa.

Saa saba, tumerudi Buruburu. Mama Nafula alikuwa ameizunguka pikapu yangu, amefungua sanduku la nyama, amepiga tairi teke. Anataka kuuza mayai na kuku, ndiyo sababu anahitaji gari la mizigo.

"Hii ni nzuri," akasema. "Sina neno. Lete ufunguo tuandikiane."

Mkono ulikuwa mfukoni, na ufunguo kwenye vidole. Nikasikia mdomo wangu ukianza peke yake.

"Mama, klachi inashika juu sana."

"Itarekebishwa."

"Mlango wa abiria haufunguki ukiwa ndani."

"Nitafungua nikiwa nje."

"Mvua ikinyesha, maji yanakuja miguuni. Na asubuhi lazima uibembeleze ndiyo iwake."

Mutua akanitazama. "Buda, unauza ama unafukuza?"

Nikamtazama Mama Nafula na ile karatasi yake mkononi.

"Na wewe, Mama? Ulikuwa unafukuza?"

Aliweka kiganja juu ya boneti. "Nililinunua kwa kugeuza wazee wa watu kitandani, zamu baada ya zamu. Hakuna aliyenisaidia. Kila anayekuja namsomea hii karatasi, anaondoka. Wewe ndiye wa kwanza kulisifu." Akacheka kidogo. "Nilikuwa nimeanza kuogopa."

Tulikunywa chai, tukaagana bila kuandikiana chochote.

Saa tisa, njiani kurudi. Mwenzangu ukienda kutazama gari kuukuu la Kimarekani, lala chini uone chuma, uliza kama ni maili, na beba mtu wa kukaa kulia ambaye unaamini macho yake. Hayo nimejifunza na nayajua vizuri. Lingine ni kwamba mwenye mali akiiponda mbele yako, usimshuku haraka. Pengine anaomba usiichukue. Hilo bado linanizungusha kichwa, kwa sababu sijui niliwahi kununua ng'ombe wangapi ambao wenyewe walikuwa wananiomba hivyo.

Saa kumi, Jericho. Rose alisikia injini, akatoka, akaitazama pikapu mbele na nyuma.

"Hukulipenda?"

"Nimelipenda sana."

"Sasa?"

Nikamwomba ndoo, sabuni na brashi, nikapanda nyuma kuosha sanduku la nyama.