Koti langu lilivyozunguka kituo cha kura Daudi

Wakuu, habari za leo. Naomba radhi mapema kwa makosa ya herufi, niliishia darasa la saba na simu yangu kioo kimepasuka. Mwandiko wangu nao ni mbaya, bahati yenu hapa hauonekani. Ila haya yametokea, nilikuwepo.

Siku ya uchaguzi nilimpeleka bibi yangu kituoni, huku Daudi, Mbulu. Alishuka kilima kwa kunishika bega, mguu wake ni mbovu. Alikuwa anasema akikosa safari hii, hajui kama nyingine itamkuta.

Mlangoni msimamizi akamtazama. Ni mwalimu, mgeni kutoka mkoa mwingine, mtu mpole.

"Shikamoo bibi. Samahani, hiyo kanga ni ya chama. Sheria hairuhusu kuingia nayo."

Wakuu, wakati wa kampeni kanga ziligawiwa bure. Nani anakataa kanga? Akina mama wengi kwenye foleni walijitanda hizo hizo.

"Ivue tu, bibi, uingie."

Bibi akanionyesha ndani kwa macho. Wakala mmoja wa chama aliyekaa kule ni mkwe wake, kamwoa shangazi yangu. Kwetu mama mtu mzima hasimami mbele ya mkwe bila kujitanda. Na akipanda nyumbani kubadili, kwa mguu ule asingeshuka tena.

Mimi huwa siongei mbele za watu. Nikavua koti langu nikamfunika, kanga isionekane. Akaingia, akapiga kura, akatoka.

Tatizo, mama wa nyuma yake aliona.

"Mwanangu, na mimi."

Koti likaanza kuzunguka. Anayetoka anamvalisha anayeingia. Mwishowe msimamizi akalizuia mlangoni.

"Hili koti limeshapiga kura mara ngapi?"

Bibi alikuwa nje, amekaa kwenye jiwe. Akainua kidole chake chenye wino.

"Koti halina kidole, mwalimu. Angalia vidole."

Hata polisi alicheka. Vidole vikaangaliwa, foleni ikaendelea.

Ikafika zamu yangu. Jirani yetu Mama Paulina, aliyelivaa mwisho, kaondoka nalo. Na mimi chini ya koti nilikuwa na fulana ya kampeni, yenye picha ya mgombea. Nayo ya bure. Nikaigeuza ndani nje, mgombea bado ananichungulia. Msimamizi akatikisa kichwa.

Nikakimbia kwa Mama Paulina. Ng'ombe wake alikuwa amezaa, na koti langu limemfunika ndama.

"Alikuwa anatetemeka, mwanangu," akaniambia. Mimi je?

Nilirudi kituo kikikaribia kufungwa, nahema, nanuka ndama. Bibi yuko palepale kwenye jiwe, kakataa kuondoka bila mimi.

Msimamizi akalitazama koti kwanza, ndipo akanitazama mimi.

"Karibu tena, koti. Sasa umemleta nani?"

"Mwenyewe," nikasema.

Nilichojifunza: sheria inaweza kuwa na maana yake na bado ikamrudisha bibi kilimani. Kanga za bure pokeeni, ila siku ya kura tokeni na nguo isiyo na picha, na nyingine ya kumwazima jirani.

Kwenu nani alizuiwa, na aliingiaje? Niandikieni hapa. Naandika polepole, lakini nitamjibu kila mtu.