Kable za kanisa na muvua ya leo

Wenzangu, leo nimetoka kanisani kwa dirisha. Na si miye peke yangu.

Ile putre ya beto, boriti ya zege juu ya mulango ya kanisa, ilikuwa imepasuka. Enjeniere akaweka kable mbili za chuma pembeni yake, akazikaza sana na bulo. "Hizi njo zinaibeba. Muntu asiziguse."

Leo, tukiwa ndani, muvua ikapenya mu paa, ikaanza kutona juu ya kable. Papa Prezida wa kamati, mufugaji wa ngombe tangu utoto, akashituka:

"Kamba ikilowana inajikaza, itakatika! Hata ngombe, muvua ikinyesha, tunailegezeaka kamba."

Akapanda benchi na kle kubwa, ile spana ya kufungulia, akalegeza bulo zote zenye kushika kable. Sisi ba korale, waimbaji, tukapiga makofi. (Ndiyo, na miye.)

Putre ikalia krrr, ikashuka, ikalalia mulango. Mulango ikakataa kufunguka.

Kupita dirishani, Papa Prezida na kile kitambi, tulimusukuma watu ine.

Enjeniere akafika: "Nani alilegeza?"



Papa Prezida akafunga macho: "Tuombe, Mungu atuonyeshe mukosaji."

Kle iko inachungulia mu mufuko ya koti yake.

Nani kati yenu angesema amina?