Shule Iliyomtaka Divine Ikamkataa Elie

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo haijanitoka, na mwaka huu imenirudia pamoja na hasira. Tulikuwa kambini Kigoma, sisi wakimbizi wa Burundi. Madarasa yetu yalikuwa ya miti na turubai, mvua ikinyesha masomo yamekwisha. Basi wazazi wakaamua kujenga shule. Kila nyumba ilitoa mtu wa kufyatua matofali, na akina mama wakabeba maji ya kukandia udongo, hata wale wasio na mtoto wa kusoma.

Matofali yalipokauka, mwalimu mmoja, Zakaria, akaja na wazo lake. Alitaka apewe sehemu ya matofali yale ajenge darasa pembeni, afundishe watoto wenye akili tu, na kuwachagua awachague yeye. Nami nilikuwa miongoni mwa aliowataja. Usinione mzee hivi, nilikuwa mkali wa hesabu. Nilikimbia nyumbani kumweleza baba mdogo Silvesta, aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki, nikidhani atafurahi. Hakufurahi hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye kikao cha wazazi, mimi nyuma yake, akasema mbele ya mwalimu mwenyewe:

"Matofali haya tumeyafyatua kwa ajili ya kila mtoto. Mwalimu akitaka kuchagua watoto, afyatue ya kwake."

Njiani akanipa na mimi haki yangu. Akasema akili zangu hazikunipa ruhusa ya kuchukua tofali la mwenzangu. Nilinuna wiki nzima, lakini darasa la Zakaria halikujengwa, na shule ikapata kuta.

Sasa niko ng'ambo, mji wa Columbus, mtaa wa Hilliard, kichwa kimejaa mvi, na wazo la Zakaria nimelikuta tena, safari hii limevaa suti. Huku linaitwa vocha ya shule. Fedha za umma, zinazotokana na kodi yetu sote, zinamlipia mtoto ada kwenye shule ya binafsi. Wanasema mzazi ndiye anayechagua. Maneno yalikuwa matamu, nikaanza kuyaamini, mpaka yalipomkuta Jeanine.

Jeanine ni binti wa kanisani kwetu, anafunga mizigo ghalani shifti ya usiku. Ana watoto wawili, Divine na mdogo wake Elie, ambaye husikia kwa msaada wa kifaa cha sikioni. Aliwapeleka wote wawili kwenye shule moja ya binafsi inayosifiwa sana. Divine walimpa mtihani, wakamtaka. Elie walimpapasa kichwa, wakatabasamu, wakasema hawana mwalimu wa mtoto kama yeye. Sasa niambie, aliyechagua hapo ni nani? Jeanine hakuchagua kitu. Alichaguliwa mtoto mmoja, akarudishiwa mwingine, na kodi inayokatwa kwenye mshahara wake itamfuata yule waliyempenda.

Inaniudhi, mwanangu, na sitaki kujifanya mpole. Wako wenye majumba makubwa ambao ada walikuwa wanailipa bila jasho, nao wanaipokea vocha hiyo. Huku kwenye shule ya umma anakosoma Elie wazazi wameambiwa hakuna fedha, na mwalimu msaidizi aliyekuwa akikaa naye darasani hayupo tena. Shule ile haibagui. Inampokea mtoto asiyesikia, inampokea aliyeshuka kwenye ndege juzi bila neno la Kiingereza, na ndivyo ilivyowapokea watoto wetu tulipofika hapa hatujui hata kuwasha jiko. Hiyo ndiyo wanayoinyang'anya! Wenzetu wa Louisville, mji wa jimbo jirani, waliulizwa jambo hili kwenye kura, na jimbo lao likakataa. Sisi huku hakuna aliyetuuliza.

Jumapili iliyopita Jeanine alinivuta pembeni baada ya ibada, macho mekundu. Amegundua kwamba Elie anakwenda shule bila kifaa chake, anakificha ndani ya soksi. Alipomuuliza sababu, mtoto akamjibu kwa Kiingereza, taratibu, kwamba akizoea kusikia bila hicho kitu, labda ile shule ya dada itamkubali.

"Mzee," Jeanine akaniambia, "nimewapigia simu. Divine haendi."

Sikumwagiza hivyo, na mama anayewatafutia wanawe mahali pazuri simlaumu. Ila nilimshika mkono, na wiki hii tunakwenda naye kwenye kikao cha bodi ya shule.

Ushauri wangu ni huu, mwanangu. Shule ya binafsi iwepo, lakini ijilipie. Fedha tulizochanga wote ziende mahali ambapo kila mtoto anafunguliwa mlango. Ukishapata uraia, kapige kura, hata kama umetoka kazini umechoka. Kama bado, nenda kwenye vikao vya shule, uombe mkalimani, useme, na lafudhi yako isikuzuie. Na mwanao akisifiwa kwamba ni bora kuliko wenzake, mfundishe kuwaangalia hao wenzake.

Mungu akubariki wewe na watoto wako wote, anayewahi kuelewa na anayechelewa, na nyumbani kwako asitokee hata mmoja wa kuficha sikio lake ili apate pa kusoma.