Benchi la Waliotengwa

Ndugu wapendwa, leo kanisani Mugango nimeketi kwenye benchi la waliotengwa. Niwieni radhi, nilipapenda.

Nilichelewa tu, nikakuta nafasi kule nyuma pekee. (Pikipiki ilipata pancha, si uzee.)

Dirisha la nyuma hupokea upepo wa ziwa, na uimbaji wa vijana ulinijia kama unatoka ng'ambo ya maji. Nikasinzia. Marehemu mke wangu alikuwa kando yangu, akinifungulia kitabu cha nyimbo.

Nilipofumbua macho, aliyeshika kitabu alikuwa Bhoke, yule binti tuliyemwondoa kwenye kwaya alipopata mimba. Mtoto wake alikuwa amelala mapajani.

"Shikamoo, babu. Huku wazee hawakaagi," alininong'oneza.

Mbele, mwenyekiti wa vijana akaanza kusoma imani zinazoongoza huduma yao: "Tunaamini kwamba kijana aliyeanguka huinuliwa na wenzake."

Nikaona haya.

"Binti yangu, kanuni ya benchi hili niliiandika mimi."

"Najua, babu. Imebandikwa mlangoni, na sahihi yako ipo. Naisomaga kila Jumapili nikiingia."

Alisema bila hasira, huku akimpepea mtoto. Afadhali angenikasirikia.

Baada ya ibada niliibandua karatasi ile mlangoni. Sasa ipo mezani, mbele yangu.

Wazee wenzangu, sahihi zenu zipo chini ya yangu. Nisameheni kwa kutowauliza kwanza. Jumapili ijayo nitaomba Bhoke arudishwe kwenye kwaya, na ningependa nisisimame peke yangu.

Nani atasimama nami?